Viganja vya Mlangoni

Mke mwenzangu Zainabu,

Shikamoo yako imefika kutoka Hispania, nami nimeitikia marahaba kwa sauti hadi jirani akachungulia. Ujiji hatujambo. Babu yako bado anagombana na redio, na dada yako Asha amejifungua binti mwenye sauti kama ya wauza dagaa wa Kibirizi.

Unasema kimji unamoishi kina kisima cha kale na kanisa la mawe, na wenyeji wanakuuliza kwenu kuna urithi gani. Waambie kuna mlango wetu.

Unajua kila bi harusi anayeingia nyumba hii huchovya mkono kwenye mawese na kuugandamiza mlangoni. Nikiwa na miaka tisa, siku moja kabla ya Idi, niliona zile alama ni uchafu. Nikausugua mlango kwa mchanga na sabuni asubuhi nzima, hadi hakikuonekana kiganja hata kimoja. Bibi yangu alipouona, alikaa chini palepale. Nikaanza kulia.

Kumbe mafuta yalishazama ndani ya mbao. Jua lilipoukausha mlango, viganja vikarudi kimoja kimoja. Bibi akapiga vigelegele, akawa anavitambua: "Huyu mama mkwe! Huyu mimi!" Kisha akaushika mkono wangu, akauchovya. "Na huyu mfua milango naye aingie!"

Kiganja changu kiko pale chini hadi leo. Pembeni yake pako wazi. Njoo, mawese yapo jikoni, na wala usingoje kuolewa.

Bibi yako,
mfua milango