Sindano za Ijumaa

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako. Mimi sijambo, ila viungo, navyo unavijua. Wewe je? Baridi ya huko haijakubana kifua?

Kifurushi chako cha dawa kimefika. Muuguzi wa zahanati, yule mwembamba anayenipigia kelele kwa kujua masikio yangu yamekufa, amenifundisha. Sindano itoke kwenye friji nusu saa kabla. Finya ngozi ya paja, choma, hesabu hadi kumi ndipo uchomoe. Ijumaa hii paja la kulia, ijayo la kushoto. Binti yangu, miaka arobaini ya ufundi viatu nimetoboa ngozi kwa msharasi, ya ng'ombe, ya mbuzi, hata ya mamba mara moja. Yangu mwenyewe ikanishinda! Nilifumba macho, nikamsikia akisema, "Mzee, unasubiri kiatu kije na mwenzake?" Ndipo nikachoma.

Dawa inakaa kwa jirani yetu muuza barafu, katikati ya mifuko yake. Asubuhi vidole bado vinaamka vimekunjamana kama vya mtoto mchanga. Shati nalivaa alfajiri, vifungo navimaliza saa nne.

Wako,
Baba


28 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na muuza barafu hajambo, na friji lake pia halijambo. Mimi mzima. Kifua hakina neno, miguu tu inawaka, maana huku dobini tunasimama tangu tunaingia hadi tunatoka. Mashuka ya hospitali hayaishi, Baba. Ukikunja moja, matatu yameshalowa.

Nimecheka hadi wenzangu wakageuka, habari ya kiatu na mwenzake. Nimeomba zamu za Jumapili ili hela ya dawa isikatike. Usijali, nimezoea. Wewe choma tu.

Mwanao


14 Juni

Mwanangu,

Salamu. Nina furaha hadi naona haya kuandika. Juzi nimeshona kiatu cha mtoto, cha kuanzia shule, mwanzo mpaka mwisho, peke yangu. Uzi nimeutunga mwenyewe. Mteja alipoondoka nilikaa nikiitazama mikono kama mali ya mtu mwingine.

Lakini sitakuficha. Nilipoona nafuu ile, nikasema niyapumzishe mapaja, yalikuwa yamejaa alama za bluu. Nikaruka Ijumaa tatu. Sasa kifundo cha mkono wa kulia kimerudi kuvimba, cha moto. Najua utasema.

Baba


2 Julai

Baba,

Ijumaa tatu! Unajua mimi Jumapili nakuwa wapi? Nakuwa kwenye mvuke, nafua mashuka yenye damu za watu nisiowajua, ili wewe uchome. Halafu unayapumzisha mapaja! Mimi ananipumzisha nani?

Sitaki kusikia alama za bluu. Sitaki sababu. Iwe mvua, iwe jua, Ijumaa ni sindano. Niahidi kwa maandishi. Ukiruka tena sitatuma, na usiniandikie.

Mwanao


9 Agosti

Mwanangu,

Barua yako haikuwa na salamu. Niligeuza karatasi nikidhani umeziandika nyuma. Basi mimi nakusalimu mara mbili, yangu na yako.

Umesema kweli na mimi nimekosa. Ndiyo, nakuahidi, na ahadi ni deni. Tangu nilipopata barua yako sijaruka. Hata Ijumaa iliyopita, homa imenishika meno yanagongana, nilijikongoja hadi kwa muuza barafu. Alisema, "Mzee, nenda zahanati kwanza." Nikamwambia binti yangu anahesabu. Nikachoma.

Ni kikohozi tu, kina wiki ya tatu sasa. Nadhani ni vumbi la ngozi. Usiache kuniandikia.

Baba


26 Agosti

Baba, shikamoo,

Usichome! Usichome tena!

Barua yako imefika leo mchana. Kabla sijashika kalamu nimempigia simu muuza barafu. Anasema umelazwa tangu Jumanne, na kwamba walikubeba kwenye kiti. Ndege ya karibu imejaa na msimamizi hanipi ruhusa hadi mwisho wa mwaka. Naandika kwa sababu sijui niifanyie nini mikono yangu.

Kikaratasi cha ndani ya boksi kinasema: mwenye homa asichome, amwone daktari kwanza. Dawa hiyo inatuliza viungo kwa kulaza askari wa mwili wanaozuia maradhi. Nilikisoma mwenyewe kabla sijakutumia. Nilikijua, Baba. Siku ile ya hasira sikukikumbuka.

Lakini muuguzi wa zahanati si alikuambia hayo siku ya kukufundisha? Kwa nini hukumsikiliza yeye? Kwa nini mimi?

Mwanao


17 Oktoba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mkono huu si wangu, ni wa muuguzi wa wodi. Mimi nasema, yeye anaandika.

Ilikuwa nimonia. Wamenitoa maji ya rangi ya chai kwenye pafu kwa mpira. Pafu hilo halijafunguka sawasawa. Nikienda chooni napumzika mara mbili njiani. Sindano wamezisimamisha, hawajui hadi lini. Vidole vimefunga. Kijiko ananishikia mgonjwa wa kitanda cha pili. Meza yangu ya kazi ameichukua yule fundi wa kona. Alikuja kunitazama, akauliza kwa aibu, nikamwambia chukua.

Umeuliza kwa nini sikumsikiliza muuguzi wa zahanati. Nilimsikia, alipiga kelele za kutosha. Ijumaa ile nilikaa na sindano mkononi, mwili unachemka, nikijua kabisa haifai. Nikaona heri homa kuliko barua nyingine kama ile. Nilikuogopa, mwanangu. Mimi niliyekubeba mgongoni, nilikuogopa kama mtoto anavyomwogopa mwalimu.

Muuguzi ameinua kalamu, ameuliza kama ayafute hayo. Nimefikiri. Nimemwambia ayaache, asome tena kwa sauti, nihakikishe yameandikwa.

Sasa anauliza nimalizie vipi, nami sijui. Anasema wengi huandika "nasubiri jibu". Basi na iwe hivyo. Nasubiri jibu.

Baba yako
(alama ya dole gumba)