Shemeji, Mdogo Wako Aling'oa Milango

Nyumba za Zimamoto,
Mlango wa 9,
Jumatatu, 12 Mei.

Mpendwa Shemeji,

Naanza kwa kukuamkia na kukuulizia hali, wewe na dada mkeo. Goti lake vipi baada ya upasuaji? Anapanda ngazi sasa bila kushika ukuta? Watoto wanamsalimu Baba Mkubwa wao. Yule wa kwanza amerefuka hata suruali za sare nilizomshonea mwanzo wa mwaka zinamwacha vifundo nje, naye anasema kosa ni la fundi. Binti yetu amejua kusoma, na sasa anatusomea kila kitu kwa sauti, hata maandishi ya kwenye dawa ya meno.

Kimwili sote tu wazima. Najua hilo neno "kimwili" umeshalikamata, maana wewe barua husomi tu, unaichambua. Basi kaa chini, Shemeji. Kuna jambo nimekuficha miezi minne, na kila ulipopiga simu nilikujibu "hatujambo."

Unakumbuka nilikuambia ghala la magodoro liliungua? Nilikuambia moto ulizimwa. Sikukuambia kwamba ndani alikuwemo mlinzi. Mdogo wako na wenzake walimsikia akigonga mlango wa chuma kutoka ndani. Mlango ulikuwa umejipinda kwa joto, haufunguki. Mdogo wako ndiye aliyekuwa akiukata kwa mashine. Kabla haujakatika, kule ndani pakawa kimya.

Alirudi nyumbani, akaoga, akala, akasema kazi ilikuwa nzito. Wiki ya pili ndipo nilipoanza kuona mambo. Mtu akigonga mlango, anashtuka kama ameunguzwa. Tukawafundisha watoto waite tu kwa sauti. Kisha siku moja natoka kupeleka sare shuleni, namkuta na bisibisi mkononi, mlango wa bafu umelazwa sakafuni. Nikadhani bawaba zimelegea. Baada ya siku mbili ukafuata mlango wa jikoni, halafu wa chumbani kwetu. Milango hiyo akaiegemeza ukuta wa uani, nami nikawa naning'iniza mashuka. Jirani aliuliza kama tunahama. Nikamwambia ni mchwa. Siku tatu nzima alikuwa anamulika miimo ya milango yake kwa tochi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, halafu nikaenda bafuni nilie kidogo peke yangu, nako hakuna mlango.

Hapa nakuomba radhi kabla sijasema. Alikupigia simu, nadhani unakumbuka. Ulimwambia ajikaze, wewe na yeye hamkulelewa kulialia. Najua ulisema kwa upendo, maana ndiwe uliyemlea. Lakini aliweka simu mezani, akasema, "Kaka anasema nijikaze," akaenda kuung'oa mlango wa watoto. Sikulaumu hata kidogo. Neno hilohilo na mimi nilikuwa nimeshamwambia, tena si mara moja.

Utauliza kwa nini hakwenda kutibiwa. Kazini kwao kuna kanuni ya zamani: askari wa zimamoto akionekana kwa wataalamu wa akili, anashushwa kwenye gari na kupelekwa kulinda geti. Kwa hiyo wanaume wale wanaumia huku wanataniana, na kila mmoja anadhani yuko peke yake.

Kwenye kituo chetu cha afya kuna mwanasaikolojia, mwanamke wa hapahapa mtaani, tuliyekuwa tukimwona akipita na mkoba wake wa turubai. Watu wanamwita Mama Polepole kwa jinsi anavyoongea. Ofisi yake ni kichumba kilichobanana na friji ya chanjo. Yeye na mwenzake mmoja, mwanamume wa makamo, ndio wawili tu kwa wilaya nzima. Mwezi wa pili alituita sisi wake wa askari darasani, shule ya msingi. Nilikwenda nikakaa nyuma karibu na mlango, nipate pa kutokea.

Hakutuhubiria. Aliuliza tu ni nani ambaye nyumbani kwake kuna kitu kimebadilika na hajui amwambie nani. Sijui nini kilininyanyua, Shemeji. Nilisimama nikasema habari ya milango. Nilitaka ardhi ipasuke nizame. Halafu mke wa dereva wa gari la maji akasema mume wake hawezi kukaa ndani ya nyumba, analala uani juu ya mkeka tangu mwaka jana. Mwingine akasema wake amekwisha kuacha kuwabeba watoto. Darasa zima likaanza kuongea.

Mdogo wako alipopata habari, alikasirika nisivyowahi kumwona. "Umenivua nguo mbele za watu," aliniambia, na baada ya hapo tukawa tunapeana chumvi mezani bila neno. Wiki mbili. Nilimfuata Mama Polepole nikamsihi aje nyumbani. Akakataa. Alisema mlango wake uko wazi, lakini miguu ya kuuingia iwe ya mwenyewe. Nilirudi nimevunjika moyo, nikamwona hana huruma.

Kilichomwingiza ni binti yetu. Alikwenda kucheza kwa jirani, akajifungia chooni, kitasa kikagoma, akaanza kugonga. Mdogo wako alimsikia kutoka uani kwetu. Jirani anasema hakumwona akipita, aliona tu mlango umeanguka. Nilipofika alikuwa amemkumbatia mtoto, na mtoto analia, si kwa woga wa choo, bali kwa sababu baba alikuwa anambana mno na hasikii anapoambiwa. Nilimfungua vidole kimoja kimoja. Akanitazama akasema, "Nipeleke kwa yule mama."

Ameshakwenda mara saba. Wanayozungumza hanisimulii, nami simchimbi. Ninachojua ni kwamba akitoka kule anarudi na njaa, anakula kama aliyelima. Mlango wa bafu ameshaurudisha, na wa jikoni pia.

Nimeacha kalamu kidogo, king'ora kimelia. Yeye siku hizi hapandi gari, lakini mguu wangu uliruka wenyewe kutoka kwenye pedali ya cherehani. Na mimi nimeandikishwa kwa Mama Polepole, siku yangu ni Jumanne. Nalo hilo lijue.

Sasa nifike kwenye kinachoninyima raha. Mtu alipeleka maneno kazini. Mdogo wako akapewa barua: ashuke kwenye gari, akae chumba cha redio kupokea simu, mpaka jopo kutoka makao makuu lije kuamua kama anafaa. Nilihisi ni mimi niliyemponza kwa mdomo wangu.

Mama Polepole hakunyamaza. Yeye na mwenzake walizunguka vituo vitatu, wakawasikiliza askari bila kuandika jina la mtu, wakaandika yale waliyoyasikia. Kisha akaenda kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa kituo, asubuhi tatu mfululizo, na mkoba wake mapajani. Siku ya tatu mkuu alimwita ndani. Alimwambia makaratasi hayana uso, anataka askari mmoja amwambie mambo hayo machoni.

Mdogo wako akakubali. Mama Polepole mwenyewe alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Ijumaa iliyopita wakakutana kwenye ukumbi wa magari, askari wote wamepanga viti, na sisi wake tumesimama nyuma. Aliweka mikono nyuma ya mgongo. Akasema, "Mkuu, miezi miwili nimepanda gari hili nikiwa sisikii vizuri anachosema mwenzangu, maana masikioni mwangu kulikuwa na mtu anagonga. Siku zile ndizo nilizokuwa hatari, na mliniacha kazini kwa sababu nilificha. Leo natibiwa, ndiyo mnaniogopa."

Kisha yule dereva wa gari la maji akainuka, akaenda kusimama ubavuni mwake. Wakafuata wengine wawili. Mkuu akawaambia wakae, akasema yeye hana mamlaka ya kufuta kanuni, ila haya yote atalieleza jopo. Jopo linakuja Alhamisi. Shemeji, leo nimeshona mkono wa shati mahali pa kola. Wakimkataa, sijui tutamwokota vipi.

Alhamisi, jioni.

Barua niliiacha bila kuituma, nikaona nisikuache njiani. Jopo limekuja. Watu watatu, wamemhoji kwa muda wa karibu saa mbili, wakamwita na Mama Polepole. Uamuzi ni kwamba kuanzia mwezi ujao atarudi kwenye gari kama dereva, lakini asiingie ndani ya moto mpaka Mama Polepole atie sahihi. Kituo chetu kanuni imesimamishwa. Vituo vingine bado ipo palepale, na Mama Polepole kesho asubuhi anaelekea wilaya ya pili kukaa kwenye benchi la huko.

Habari hizo nilizipata kwa mke wa dereva. Mdogo wako mwenyewe hakurudi. Saa tisa, saa kumi, simu haipokelewi. Nilizunguka kituoni, kituo cha afya, mpaka kwenye lile ghala. Nisikudanganye, niliwaza mabaya yote.

Amerudi jua linazama, viatu vina vumbi. Alikuwa kwa mjane wa mlinzi. Hakutumwa na mtu. Alikwenda kumwambia jambo ambalo hata mimi sikulijua, kwamba siku ile kila mara mlinzi alipogonga, yeye alisimamisha mashine akamgongea kumjibu, na tangu siku hiyo anajiuliza kama sekunde zile za kugonga ndizo zilizomchelewesha. Mjane akamuuliza, "Kwa hiyo alijua watu wapo?" Akamjibu ndiyo. Yule mjane akamwambia, "Hilo ndilo nililokuwa sipati mtu wa kumuuliza."

Hivi sasa mdogo wako amelala kwenye kochi, viatu miguuni. Ukipiga simu usimuulize habari za kazi. Mwache aongee, hata akinyamaza usikate.

Mfikishie salamu dada mkeo, wanao wote, na yule binamu yetu kinyozi, umwambie bado tunacheka kichwa alichomnyoa mdogo wako. Mungu awafunike huko mliko, na akuweke hai mpaka tukae meza moja.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda na kukuheshimu,

Mke wa mdogo wako