Walipoita "Kale"

Rafiki yangu Kiprono,

Tangu ufariki, kafili wetu, mwajiri aliyetudhamini, amenihamishia Jeddah. Ninalinda lango la ghala na kulala mtaa wa Bani Malik na Wakenya wengine. Ile filamu kongwe ya Kiyahudi ingali kwenye simu yangu. Wenzangu waliiomba, nikawaonyesha, lakini nilishindwa kuwasomea tafsiri.

Kule Riyadh, mtaani Malaz, tulikuwa tukifunga mlango na kupunguza sauti, kwa kuwa filamu ya namna hiyo haichezwi hadharani hapa. Nilipotafsiri maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha, ulinizuia: "Msomi, nyamaza. Mwache mama alie kwa lugha yake." Kisha harusi ikafika, umati ukaita, "Kale! Kale!" Nawe, Mkalenjin wa Kericho, ambaye Wakenya humwita Kale kwa ufupi, ukainua mkono: "Niko hapa. Nani ananitafuta?" Nilikueleza kwamba kwa Kiyidi, lugha ya wale Wayahudi, neno hilo ni bibi harusi. Ukasema basi mahari ipelekwe kwenu upesi. Chumba kizima kikakuita Bibi Harusi tangu siku hiyo.

Nilishikilia, na bado nashikilia, kwamba filamu ile imeundwa vibaya. Binti anaolewa ng'ambo, barua zake zinapotea kwa uvivu wa mwandishi, mama anazirai kila jina lake linapotajwa, na fidla haipumziki. Ukaniuliza mbona basi naitazama tena. Jibu langu ni hili: filamu stadi hujizuia, nasi tulikuwa tumejizuia vya kutosha tangu asubuhi. Hakuna mwanamume chumbani mle aliyethubutu kumlilia mama yake. Tulimlilia mama wa watu.

Kiprono, bado uko Riyadh, katika chumba baridi cha hospitali. Kafili hajatia sahihi usafirishwe. Nikimpigia husema bukra, yaani kesho, na bukra yake haina asubuhi. Nyumbani wazee walipendekeza ibada ifanywe mbele ya picha yako, watu wapumzike. Mama yako akakataa. Aliniambia kwa simu, bila kupaza sauti: "Mwanangu, mimi sikuzaa picha."

Sentensi hiyo ningeifuta katika hati ya filamu yoyote. Ningesema imetiwa chumvi. Nilikaa sakafuni, simu mkononi.

Sasa sikiliza. Mkataba wangu umekwisha. Kafili, ambaye kwa ikama yangu, kibali cha ukaazi, huchelewa miezi, safari hii amenipatia ruhusa ya kutoka na tiketi kwa mkupuo. Anataka niondoke, kwa sababu hakuna mwingine anayemsumbua juu yako. Nimemrudishia tiketi. Alikasirika, akasema halas, yamekwisha, nisimtafute tena. Napanda basi la Riyadh, nikaketi mlangoni kwake mchana mbele ya wageni wake, mpaka aone haya.

Kwaheri, ndugu yangu. Mama yako nimemwambia asiandae picha. Sitapanda ndege kabla yako.

Msomi wako.