Pazia Letu la Maua

Jumatatu, 9 Juni
Nimeamka mapema tena nimtazame tu. Mwakio wangu! Tangu harusi bado siamini. Nimempikia uji, akaenda kazini akipiga mluzi.

Dada yake, Wakesho, ameondoka bila kunitazama. Yuko kidato cha tatu. Tunaishi naye hapa Voi, chumba kimoja, pazia la maua katikati. Kitanda chetu upande huu, meza na godoro lake upande ule.

Kuna kitu ananificha.

Jumatano, 11 Juni
Matokeo ya Wakesho yametoka. Muhula uliopita B, sasa D. Mwalimu anasema ni wavulana au simu. Simu hana.

Mwakio hakula. Amesema dada yake akianguka tena, atarudi kijijini Mwanda kulima na mama. Wakesho amelia bila sauti.

Najua majirani wanasema nini. D imekuja na bibi arusi. Inaniuma.

Alhamisi, 12 Juni
Mwakio akiingia tu, Wakesho anatoka. "Naenda kusoma kwa rafiki." Kila jioni! Sare yake inanuka dizeli.

Leo tukianika nguo, jirani yetu Mama Adhiambo kaniambia, "Wewe chekea mume tu huko ndani. Huyo msichana namwona kwa malori."

Kuna dereva. Lazima. Sijamwambia Mwakio, atamrudisha kesho.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemfuata.

Kwa fundi wa pancha, karibu na kituo cha mafuta, kuna taa. Alikuwa chini yake, juu ya tairi bovu, kitabu cha kemia magotini. Peke yake. Nilichungulia mpaka nyuma ya pipa kutafuta dereva.

"Rafiki yuko wapi?"

"Si hili tairi, wifi."

"Na meza ya nyumbani ina kosa gani?"

Akainama. "Kaka akirudi mnaanza kuimbiana. Mnacheka. Mimi ni dada yake, nikae pale nisikilize? Na pazia halizibi masikio."

Mwili mzima ulinichoma kwa aibu. Furaha yangu yote hii, na mtoto wa watu anasomea kwenye dizeli.

Jumapili, 15 Juni
Nimemwambia Mwakio. Amelitazama pazia. Halafu akasema, "Kumbe D ni yetu." Nampenda zaidi kwa hilo.

Jumatano, 18 Juni
Jioni tumetoka sisi. Mama Adhiambo alikuwa mlangoni kwake.

"Heh! Maharusi, mmefukuzwa?"

"Na mwanafunzi," Mwakio akajibu.

Tumekaa kwenye lile tairi, bega kwa bega. Fundi wa pancha anatuangalia kama wezi. Lori moja limeondoka kuelekea Maungu, vumbi likatufunika. Mtihani mwingine unakuja, na sijui Wakesho atapata nini.

Mwakio alitaka kuimba. Nikamshika mkono tu. Kutoka pale dirisha letu linaonekana. Taa ilikuwa inawaka, na kichwa cha Wakesho kimeinama mezani.