Mchuzi wa Mtu Mmoja

Mke wangu Mama Tekla,

Tangu uende Dar nimekuwa mpishi kukushinda. Wanawake wa mtaa wetu wa Mlabani wanapita hapa mlangoni kuniuliza ninatia nini kwenye mchuzi wangu wa kambale, nami nawaficha.

Haya, nimeshindwa kuendelea, mkono wenyewe unacheka. Hakuna aliyeuliza. Nilipika mara moja tu, tui likakatika, samaki akabaki na utelezi wake kwa sababu nilisahau kumsugua majivu. Paka wa jirani alionja, akaninyanyulia uso kama hakimu, akaondoka. Paka wa Ifakara huyo, anayekula hata panzi.

Barua hii sikuitia bahasha. Zile zilizotangulia zilikuwa na bahasha, akakusomea Tekla, na mwanangu namjua: penye ukali anaruka, penye salamu anarudia. Sasa hii nampa kondakta wa basi la Dar ikiwa wazi. Asome yeye, wasome na abiria wake. Ikifika kwenu dunia nzima itakuwa inajua nilichoandika isipokuwa wewe, na Tekla atakosa pa kuruka.

Makopo nimeyapokea. Boksi zima, mchuzi wa kuku wenye binzari, umepikwa na watu nisiowajua, ukafungiwa humo kama mfungwa. Tekla ameandika kwamba yametoka supamaketi, duka la kujichukulia vitu mwenyewe bila kubishana na mtu. Duka gani hilo lisilo na wa kubishana naye? Akaongeza: “Baba, ni kupasha tu.” Mimi niliishia darasa la nne, Kiingereza cha kwenye kopo kilinishinda, lakini picha niliisoma vizuri. Sahani moja, uma mmoja. Nikadhani ni pambo.

Hapo ndipo nilipoaibika, na aibu hiyo nakugawia nusu.

Masanja alikuja, yule Msukuma wetu wa ng'ombe, jirani yako unayempenda kwa sababu ya maziwa ya mgando. Alikuja na shemeji zake wawili waliotoka Usukumani kumsalimia. Akasimama uani, akavuta pua.

“Mzee, shikamoo. Hii nyumba imekufa? Siku nyingi sisikii harufu. Nikasema labda na wewe umehamia Dar.”

“Marahaba. Nani kafa? Kaeni, leo mnakula kwangu.”

Unanijua nikishasema kaeni. Nikapika wali wa mchele mpya wa Idete, ule unaonukia wenyewe, nikaupakua kwenye sinia kubwa la sikukuu. Nikapasha kopo moja. Moja, mama, kwani mchuzi wa kuku umewahi kupikwa wa mtu mmoja? Nikaumimina katikati. Ukazama kwenye wali kama manyunyu kwenye vumbi. Kipande cha kuku kilichobaki juu kilikuwa kama kimepotea njia.

Tukanawa. Hakuna aliyetia mkono. Nikasema karibuni. Wakaitikia asante, wakakaa tu na mikono yao iliyolowa. Mwisho Masanja akasema kwa adabu, “Tunasubiri mchuzi uje, mzee.”

“Mchuzi ndio huo.”

Shemeji mkubwa akaangalia sinia, akaangalia jikoni, akaangalia sinia tena. “Kwetu,” akasema, “hata ndama anayeachishwa ziwa hapunjwi hivi.”

Wakacheka, nami nikacheka nao kuliko wote, ndiyo kawaida yangu. Nikakimbilia makopo mengine, moja baada ya jingine, lakini wali ulikuwa umeshapoa. Na ladha ya mchuzi huo nikuambie: si mbaya. Ndilo linaloniudhi. Ungekuwa mbaya ningeutupa, yangeisha. Una chumvi, una pilipili, una binzari, kila kitu kipo, na ukimeza hukumbuki ulichokula. Huna hata wa kumlalamikia, huwezi kusema leo umezidisha ndimu, ukajibiwa, “Kapike wewe.”

Walipoondoka nilikaa palepale na sinia. Nikafikiria maneno ya Masanja kuhusu harufu. Ulipokuwa unakaanga kitunguu jioni, ukatia binzari, mtaa wote ulijua tupo. Wa kuomba kaa la moto alikuja, wa kurudisha ungo alikuja, na wote walikuja wakati uleule wa kuepua, watu wa ajabu sana. Mimi nilinung'unika kwamba unalisha kijiji. Wewe ukanijibu bila kugeuka, “Sasa wasipokuja utamsimulia nani uongo wako?”

Kopo halinukii, Mama Tekla. Ukilifungua limeshaiva, limeshamaliza shughuli zake huko kiwandani. Hakuna anayepita akajua kwamba humu ndani kuna mtu anakula.

Nawe ulikwenda kumkanda mzazi, Tekla wetu. Ulisema ikipita arobaini unarudi. Ikapita, ukasema mpaka mtoto acheke. Akacheka. Mpaka akae. Amekaa, nimeona picha, kanenepa kama gunia la mpunga, Mungu amkuze. Sasa nasikia mnasubiri meno. Kama ni mpaka posa yake, nijulishe mapema nitafute mbuzi.

Nimekasirika, na wala sifichi. Sijakasirikia mtoto, wala Tekla, anayedhani njaa ya baba yake iko tumboni. Nakukasirikia wewe, uliyeishi nami tangu nikiwa na meno yote. Kila nikiuliza siku ya kurudi, linakuja boksi. Nikauliza tena, likaja boksi kubwa zaidi. Mtu anayetaka kurudi upesi hatumi akiba namna hiyo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, nami nalisema hapa mbele ya kondakta na abiria wake.

Sasa nina dai langu, na ni dogo. Mwaka ule mama yako alipougua, ulikwenda kumuuguza mpunga ukiwa umeanza kukomaa. Nilibaki peke yangu shambani Idete naamia ndege, shamba langu na lako, napiga madebe na kupayuka mpaka sauti ikanikauka, nikawa naongea kama jogoo mgonjwa. Uliporudi ukakuta mpunga wako umesimama wote. Ukanishika mkono ukasema, “Baba Tekla, hili utanidai. Siku ukiwa na haja, sema tu.” Miaka yote hiyo sijasema. Hata ule mwaka uliponinyima ugali kwa sababu ya pombe ya kule Katindiuka, sikusema.

Leo nasema. Sidai urudi kesho, wala sidai umwache mjukuu akilia. Nitajie siku. Moja tu, iwe karibu au mbali, lakini itoke mdomoni mwako, Tekla aiandike kwenye karatasi, kondakta aniletee bila boksi.

Ni mimi mumeo,
Baba Tekla