Ulibadilisha Jina Lake Tu

Mpendwa kaka,

Nakuita kaka kwa sababu mama alikuita mwanangu, na kwa miaka minne ulikula kwake Heru Juu, ugali wa muhogo na maharage kama sisi. Siku hizi wanakuita profesa. Wakati ule ulikuwa mmisionari na mimi mkalimani wako: ulihubiri kwa Kiswahili, nikageuza kwa Kiha. Siku uliyojaribu Kiha mwenyewe, mama alicheka hadi akashika ukuta. "Mwachie mdogo wako, mwanangu. Ukiendelea hivi wataokoka mbuzi."

Unaikumbuka alasiri aliyokuja mama kutubu. Tulikuwa watatu tu, chumba cha nyuma ya kanisa. Alisema homa ya mdogo wetu Neema ilipokataa kushuka, alimpeleka kwa mganga, huku yeye ndiye kiongozi wa maombi ya akina mama. Neema alikufa hata hivyo. Ulimshika mikono ukasema, "Mama, hili linaishia hapa." Maneno hayo niliyageuza kwa Kiha mimi mwenyewe, kwa hiyo na mimi nimo.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa Kasulu alileta kitabu chako kuhusu walokole wa Afrika. Sura ya tano ni ya "Mama Rhoda", mpiga kengele wa kanisa la Heru Juu, aliyemzika binti yake baada ya kwenda kwa mganga. Kwako ni mfano wa imani ya juujuu. Kengele yetu, ile rimu ya lori, imepigwa na mwanamke mmoja tu tangu kanisa lijengwe.

Nilikuandikia. Ulijibu mstari mmoja: "Nilibadilisha jina lake." Nimeandika habari miaka ishirini. Mtu hufichwa kwa kuondoa yale majirani wanayoyajua, na wewe hukuondoa hata moja.

Akina mama wamemwomba apumzike uongozi. Mmoja alimwambia bombani, mbele ya foleni, "Kumbe ulikuwa unatuombea na dawa kiunoni?" Sasa anakaa benchi la nyuma na kuondoka kabla ya baraka.

Jumapili alitaka nimsomee sura yote. Niliigeuza neno kwa neno, yeye akichambua maharage. Nilipomaliza akauliza, "Na lile lake mwenyewe, alilotubu mbele yetu siku ileile baada yangu, ameliandika?"

"Hapana, mama."

"Umelitafuta vizuri?"

"Kitabu kizima."

Akapepeta kidogo. "Basi na wewe usiliandike."

Nalikumbuka lote, kaka, na mhariri wangu angelipokea leo hii. Halitaandikwa. Usinishukuru, ningekuwa peke yangu ningekwisha kulichapisha. Mama ndiye anayekutunzia siri, akiwa kwenye benchi lile ulilomkalisha.

Njia ya kwake unaijua. Kwaheri.

Aliyekuwa mdogo wako