Siku Nane za Kutolitaja Jina

Jumamosi, 6 Julai

Tumefika. Sisikii vidole vya miguu. Motlatsi anasema vipo vyote, amevihesabu.

Saa saba za gari kutoka Maseru, kisha saa nzima juu ya farasi, nami nimefumba macho. Farasi ana utu kuliko mume wangu. Alisimama kila niliposali.

Wamenipokea vizuri mno, na hilo ndilo linalonitisha. Mavyaa alinishika mikono yote miwili akaipuliza kama moto unaokataa kuwaka. Wifi yangu Nthofeela, dada mkubwa wa Motlatsi, alinizunguka mara moja akatoa hukumu. "Mwembamba. Upepo wa hapa utamrudisha kwao bila gari."

Halafu akapiga ukelele. Blanketi! Nilikuwa nimelivaa mistari ikiwa imelala. "Isimamishe, wifi, isimamishe! Unataka kudumaa? Unataka watoto wetu watambae mpaka wazeeke?" Akanifungulia pini, akanigeuza kama chapati, akanifunga upya.

Sasa jambo lenyewe. Mkaza mwana hataji jina la baba wa mumewe, wala neno lolote linalofanana nalo. Hayo najua, nimelelewa Maseru lakini sikulelewa mwezini. Shida ni jina lenyewe. Bavyaa alizaliwa siku milima ilipofunikwa, akapewa jina la kilichoifunika. Nitaliandika hapa mara moja tu, kwa penseli, ili nijue hasa ninachokatazwa: Lehloa. Yaani theluji.

Nimelifuta. Bado linasomeka kidogo.

Na huu ni mwezi wa Julai, katikati ya baridi ya huku!

Jumapili, 7 Julai

Maji ya ndoo yameganda. Nimeyavunja kwa mwiko, mwiko ukavunjika. Mavyaa alisema si kitu. Alisema si kitu mara tatu, kwa hiyo ni kitu.

Kanisani wanawake wote walinitazama viatu.

Tulipokuwa tukirudi, shangazi mmoja wa Motlatsi aliuliza, kwa sauti ya kunong'ona inayosikika ng'ambo ya bonde, kama huyu ndiye "mke wa muhuri". Ndiye mimi. Tulioana ofisi ya wilaya, mwezi wa Novemba, mashahidi wakiwa karani mwenzangu na mlinzi wa getini. Mahari imekwisha, hakuna anayelalamika. Lakini hawajanichinjia kondoo wa kunipokea. Krismasi mto ulijaa, hatukufika. Pasaka kulikuwa na msiba. Mpaka kondoo huyo achinjwe mimi ni mgeni hapa: sili nyama ya kondoo mezani kwao, sina jina la nyumba hii, na nikifa leo sijui watanizika upande gani.

Motlatsi anasema safari hii lazima. Amesema "lazima" huku akilamba sufuria. Tangu tufike amerudi kuwa na miaka tisa.

Jumapili ijayo tunaondoka. Jumatatu tarehe 15, saa mbili kamili, natakiwa mezani kwangu, ofisi ya vizazi na vifo. Siku saba basi. Kondoo mmoja. Nisikosee tu.

Jumatatu, 8 Julai

Mambo niliyoyaona leo:

Suruali ya Motlatsi imeganda kwenye kamba. Nilipoianua ilisimama wima yenyewe. Nthofeela akaisalimu, akaiuliza habari za mjini. Akasema hii ndiyo ingekuwa mume mzuri, haili.

Paka analala ndani ya chungu, kuku analala juu ya paka.

Bavyaa hasemi nami moja kwa moja, maana si desturi. Husema na mbwa. "Mbwa, mwambie mgeni chai yake ni tamu." Mbwa hunitazama. Nami namwambia mbwa asante. Mbwa anazeeka mapema kwa kazi hii.

Jingine, la ajabu kidogo. Asubuhi bavyaa alisimama mlangoni akalisalimu gunia la mahindi. Kwa heshima kamili, na kofia mkononi. Alipoona halijibu akakohoa, akapita. Hakuna aliyeona ila mimi. Nikajifanya nachambua mboga.

Jumanne, 9 Julai

Nthofeela ameanza mitego. Yeye ni binti wa nyumba hii, hakatazwi neno lile, analitumia kama chumvi.

"Wifi, ule mlima kule juu umevaa nini?"

"Umevaa blanketi."

"Blanketi la nini?"

"La sufu."

"La rangi gani?"

"La rangi ya maziwa, wifi. Na mistari imesimama."

Mavyaa alicheka mpaka akashika ukuta. Nilifurahi. Nilifurahi hata nikasahau kuogopa kwa dakika nne hivi.

Halafu redio! Mtangazaji akalisema lile neno wazi, kwamba huenda likaanguka mwisho wa wiki, huenda lisianguke. Bavyaa hakusikia vizuri, akamwuliza mbwa wamesema nini. Watu wote wakanigeukia mimi. Nikasema, "Wamesema... kutakuwa na... vazi." Mvua ya vicheko. Bibi mmoja jirani aliyekuja kuomba moto akanitetea. Baba mkwe wake yeye aliitwa Maji, basi kwa miaka thelathini na mbili maji anayaita "kinyweo". Mzee Maji alishakufa zamani, bado yeye hunywa kinyweo. "Ulimi ukishajifunza adabu," akasema, "hauachi."

Miaka thelathini na mbili!

Jumatano, 10 Julai

Kondoo ameteuliwa! Nimemwona. Ana uso wa mtu anayesubiri zamu ofisini kwetu. Atachinjwa Jumamosi, wazee wameitwa. Mavyaa amenipimia kitambaa cha kichwa kipya. Hakusema cha nini. Nami sikuuliza. Nimekwenda nyuma ya nyumba kulia kidogo, machozi yakaniganda kwenye kope, ikabidi nirudi jikoni kuyayeyusha.

Siku tatu tu. Ulimi wangu, nakusihi.

Alhamisi, 11 Julai

Nimelitamka.

Ngoja niandike kwa utaratibu. Ofisini tunasema: andika kilichotokea kwanza, maelezo baadaye.

Saa tisa alasiri nilikuwa mlimani kuokota vinyesi vikavu vya ng'ombe vya kuwashia moto. Motlatsi alikuwa dukani. Ukungu ulishuka ghafla, ukatanda ardhini, haukuzidi magoti yangu. Chini yangu kidogo nikamwona bavyaa na mbwa wake, wakiwafuata kondoo. Kondoo walipinda kushoto kwenye njia. Mbwa akapinda kushoto. Bavyaa hakupinda. Alikwenda mbele moja kwa moja, akizungumza, mahali ambapo hakuna njia. Pale pana genge tu. Ukingo wake ulikuwa unang'aa barafu.

Nikaita, "Ntate!"

Lakini Ntate ni baba, na hapa kila mwanamume aliyevaa blanketi ni Ntate. Watatu waliitika ng'ambo ya bonde, "Ee!" Yeye akaendelea.

Nikaita, "Ntate, baba wa Motlatsi!" Upepo ukanirudishia mdomoni.

Hatua sita. Tano.

Basi nikaliita jina. Kama lilivyo. Kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mara mbili.

Akasimama. Akatazama chini kwenye viatu vyake, akakaa akivitazama. Kisha akarudi nyuma, polepole, kama mtu atokaye chumba cha mgonjwa. Akageuza uso juu kunitafuta. Sidhani aliniona.

Hapo ndipo kijiji kilipoitikia. Maana wao hawakusikia jina la mtu, walisikia habari ya hali ya hewa! Wanawake wakatoka mbio kuanua nguo. Mtu akagonga kengele ya shule. Mbuzi wakasukumwa majumbani, farasi wa watu wakaingizwa hata jikoni. Dakika kumi kijiji kizima kimejifungia — na hakuna kitone hata kimoja! Ukungu ukaondoka. Jua likatoka! Jua kali, jema, la aibu.

Milango ikafunguka mmoja mmoja. Vichwa vikatazama juu. Kisha vyote vikanitazama mimi.

Nilirudi nyumbani na kikapu kitupu. Mavyaa hakunipuliza mikono.

Ijumaa, 12 Julai

Sijala. Hakuna aliyeninyima.

Nthofeela alikuja asubuhi akaketi karibu nami. Safari hii bila mzaha — au kwa mzaha mdogo.

"Wifi, niambie. Uliita kile cheupe cha mlimani au ulimwita baba?"

Nikachochea moto.

"Maana kama ulisema kile cheupe, umelitaja neno, na tena umedanganya kijiji. Mzee wa kengele ameteguka mguu. Kama ulimwita baba, umemwita kama mtoto wa kutumwa sabuni. Chagua kosa lako, mimi nitakusaidia kulibeba."

Nilifungua mdomo. Kisha nikamwona bavyaa mlangoni, anaangalia nje, mkono juu ya kichwa cha mbwa. Hajamwambia mtu. Hata mavyaa. Nikisema ukweli, watajua macho yake yamekwisha. Watamnyang'anya kondoo wake na mlima wake, watamketisha juani na kumletea uji. Nami nitakuwa mkaza mwana aliyekuja kwa mara ya kwanza, akamtaja mkwewe jina na akamfanya kipofu, yote kwa siku moja.

Nikasema, "Nilikosea, wifi."

"Kosa lipi?"

"Yote mawili."

Akanishika kidevu. "Wewe unaficha kitu. Karani hajui kuficha, unageuka rangi ya karatasi."

Mchana shangazi yule alifika. Nilisikia kupitia ukuta: muhuri hauwezi kufundisha adabu, kondoo angoje, Krismasi si mbali. Mavyaa akasema hata yeye hajui la kufanya. Motlatsi akasema, "Lakini mama —" wakamwambia akaangalie farasi. Akaenda kuangalia farasi!

Nimemuuliza baadaye kama ananionea haya. Akasema hapana. Akasema utotoni yeye alimwita baba yake jina lile makusudi, akakimbia, na hakuwahi kukimbia vile tena. Nadhani alitaka kunifariji.

Nimefunga mizigo yangu. Haijazi hata nusu ya sanduku. Kile kitambaa nimekikunja na kukirudisha juu ya kitanda cha mavyaa. Sikukivaa hata mara moja.

Jumamosi, 13 Julai

Kile cheupe kimeanguka.

Kimeanza kabla ya alfajiri bila kelele. Nilipofungua mlango dunia ilikuwa haipo. Zizi halipo, choo hakipo, njia ya Maseru haipo. Kimefika kiunoni kwangu. Jumatatu saa mbili kamili meza yangu itanisubiri sana.

Lakini hakuna mnyama aliyekufa. Hata mmoja! Baada ya kengele ya Alhamisi hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwarudisha kwenye malisho ya juu, walibaki karibu na nyumba, wakinung'unikiwa. Kijiji cha pili, wanasema, wanachimba kondoo kwa majembe.

Wazee walifika hata hivyo, wamefungwa mablanketi mpaka puani. Nilikuwa nyuma ya mlango. Shangazi akaanza upya habari ya adabu. Bavyaa akagonga fimbo.

Akasema — si kwa mbwa, kwa watu — kwamba Alhamisi yeye alikuwa mlimani na aliniona kwa macho yake mawili mazuri. Aliniona nimesimama, natazama mawingu kama watu wa kale walivyoyatazama. Akasema binti huyu alikiona siku mbili kabla, redio ikiwa bado inababaika. Angefanya nini, awaache mifugo wafe kwa adabu?

Mzee wa kengele, mguu umefungwa kitambaa, akasema naam, yeye tangu mwanzo alihisi hivyo.

Uongo mtupu! Wa macho mawili mazuri! Nami nyuma ya mlango nimeshika mdomo kwa mikono yote, sijui kama nacheka au vipi.

Wameshamchinja kondoo wangu. Nasikia mafuta yakilia kwenye chungu. Nthofeela ameniletea kile kitambaa, akanifunga mwenyewe, akabana mpaka masikio yakainama. Akanong'ona, "Macho mawili mazuri, eti? Jana alinishukuru mimi kwa chai aliyoletewa na mama." Basi naye anajua. "Tutamchunga sisi wawili," akasema. "Wewe uone mawingu, mimi nione mawe."

Halafu akaanza kucheka, akashindwa kusema. Nikamuuliza nini. Wananipa jina, akasema. Mke hupewa jina la mtoto atakayemzaa, Mama Fulani, na mjukuu wa kwanza katika nyumba hii hurithi jina la babu yake.

Nimekaa kitini. Nimemwelewa polepole.

Mama wa hilo! Mimi! Hilo hilo! Bavyaa mwenyewe ndiye aliyelitaka, akasema limeshauzoea mdomo wangu.

Nimewaomba dakika moja nifunge kiatu. Ndiyo hii ninayoandikia. Nje wamesimama mduara kwenye weupe, shangazi katikati, bakuli la nyama mkononi mwa mavyaa. Desturi ni kwamba wataniita kwa jina jipya, niitikie kwa sauti, kisha nitoke nile.

Wananiita sasa. Wote kwa pamoja. Sauti ya bavyaa ndiyo kubwa kuliko zote.

Wameita mara ya pili.

Hakuna aliyeniambia kama kuliitikia ni sawa na kulitaja.